Kinyumba cha mbao Lushoto: dalali nyota 3, mahali penyewe 5

Tumenunua kinyumba cha mbao Lushoto upande wa Magamba, cha kukimbilia joto la Dar wikendi ndefu na sikukuu, basi niwape ripoti kamili. Dalali anajua kazi kwenye makaratasi, alitupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, majirani wa kila mpaka wakaitwa wakaonyesha mawe, hapo nampa heko. Ila alituapia maji yanatoka muda wote, kumbe yanakuja kwa zamu, ikabidi tununue tenki, na kila kwenda kuona nyumba anataka "hela ya mguu" afu mafuta ya gari ni yetu😅

Mbao zenyewe ni paina, nzuri, ila dirisha la jikoni halifungi vizuri na mwezi wa saba baridi inapenya hapo mpaka mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Majirani sasa, hao ndo raha yenyewe, asubuhi unakuta mtu kakuachia plamsi na karoti mlangoni hata hajabisha hodi. Jioni tunaenda kwenye mwamba wa Irente kuangalia Mazinde kule chini. Wenye kutapika garini mjiandae, kutoka Mombo kupanda huku Lushoto ni kona tupu