Kisomeo cha ELM327: usikinunue kwa ajili ya kuzima taa tu

Kidude cha ELM327, kile cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kwa simu, wengi Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanakitumia kuzimia taa ya injini. Faida yake kubwa iko kwenye ukurasa ambao programu nyingi huuandika "I/M Readiness", yaani unaoonyesha kama gari imekamilisha vipimo vyake vya ndani, na mnunuzi wa gari ya mkononi ndiye anayeuhitaji zaidi.

Ukurasa huo una mizizi kwenye sheria za moshi za Marekani. Huko soketi ya OBD2, ile ya kuchomekea kidude hiki, ni lazima tangu modeli za 1996, na California hupima moshi wa magari mengi kila baada ya miaka miwili. Taa ikiwaka, umefeli. Ukifuta kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye gari) asubuhi ili upite, hupiti pia: kufuta kunarudisha vipimo vya ndani ya gari kwenye "haijakamilika", na havikamiliki mpaka gari itembee vya kutosha, ikianzia baridi, mjini na barabara kuu.

Mtego huohuo unamnasa muuzaji wa hapa anayefuta kodi kabla ya kuuza. Weka swichi ON, fungua ukurasa, angalia masega (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na sensa ya oksijeni. Vikiwa havijakamilika, tafuta kilomita tangu kodi zifutwe. Ukikuta 6 kwenye gari ambayo "haijawahi kusumbua", kodi zimefutwa, au betri ilichomolewa. Iendesheni mpaka Uyole na kurudi. Kodi ya P0300, yaani silinda zinakosa moto, kwa kawaida plagi au koili, hurudi upesi. P0420 ya masega huchelewa, kwa hiyo mzunguko mmoja usikutoe wasiwasi.

Jambo la huku milimani: Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya bahari. Swichi ikiwa ON na injini imezimwa, sensa ya MAP, inayopima mgandamizo wa hewa, ikisoma 82 au 83 kPa (kilopaskali) ni nzima kabisa. Namba ya 101 ni ya Dar, usawa wa bahari. Usikubali kuuziwa sensa mpya kwa hoja kwamba yako haifiki 101.

Kasoro zipo. Nakala nyingi zilizoandikwa v2.1 zimepunguzwa protokali, yaani lugha za kuwasiliana na gari. Toyota nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazisomeki nacho, kijaribu kwenye gari yako kabla ya kulipa. Wenye iPhone watafute cha Wi-Fi au Bluetooth LE. Na ukimaliza, kichomoe: pini ya 16 ya soketi ina umeme wa betri muda wote, na betri iliyochoka haiwashi gari asubuhi ya baridi ya Julai.