Mtoto abaki shule ya msingi ya kijijini au ashuke Moshi mjini?

Zote mbili ni za serikali, na hazitozi ada. Shule yetu ya mlimani, juu kule migombani, ina watoto wachache. Mwalimu anamjua kila mmoja, na daftari linarudi limesahihishwa hadi nukta. Shida ni ruzuku: hukokotolewa kwa idadi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hivyo watoto wakipungua hata chaki ni taabu. Mjini walimu ni wengi, ila darasa hufurika kupita kiwango cha wanafunzi 45, na kuna nauli ya daladala alfajiri. Wastani wa darasa la saba usikudanganye: penye watahiniwa 12, wawili wakiugua matokeo yote yanashuka. Wangu nimemwacha mlimani.