Nimemaliza kozi ya lugha na fikra, naipa nyota 4

Haya jamani nimeimaliza hii kozi ya kusikiliza kwenye simu, inahusu jinsi lugha inavyogusa unavyowaza, na kwakweli nilidhani itakuwa porojo tu lakini kuna sehemu ilibidi nirudishe nyuma nisikie tena. Kuna wasemaji wa Kuuk Thaayorre kule kaskazini mwa Australia, badala ya kushoto na kulia wao ni kaskazini, kusini, mashariki, magharibi hata kwa vitu vilivyo karibu, yaani ili uongee tu lazima ujue muda wote umeelekea wapi, mimi chumbani kwangu mwenyewe nilikwama. Af Kirusi nacho, bluu iliyokolea ni siniy, iliyopauka ni goluboy, rangi mbili kabisa, na utafiti wa 2007 ulionyesha Warusi wanazitofautisha haraka zaidi zikiwa pande mbili za huo mpaka.

Nimependa pia hawakumpamba kupita kiasi Whorf, yule mtaalamu wa lugha anayejulikana kwa wazo kwamba lugha inaongoza fikra, wamesema wazi lugha haikufungi kichwa, inakuzoesha tu kuangalia vitu fulani. Sisi tunasema "yeye" bila jinsia na bado tunajua nani mama nani baba, si ndio?

Kilichoniboa sasa, mazoezi. Kubonyeza kweli au si kweli basi, mada ya mawasiliano halafu huna hata mtu wa kuongea naye, hapana aisee. Na lugha za ishara zimepitiwa juu juu mno. Nyota moja nimeikata hapo.