Draivu ya kompresa, chumba cha samaki Masese: nyota 3 na nusu

Nina chumba cha baridi hapa Masese, Jinja, naweka sangara na ngege wakisubiri gari la Kampala. Kompresa ni ya pistoni, hospawa 10, fezi 3, na zamani kila ikiwaka taa za jirani zinafifia, mama wa saluni alikua ananisema kila siku. Mota ukiiwasha moja kwa moja inavuta umeme kama mara 5 hadi 7 ya kawaida yake, jenereta yangu ndo ilikua inazimika kabisa. Nikanunua VFD, kifaa cha kupandisha na kushusha spidi ya mota, kwenye duka moja Kampala, sisi tunaiita draivu tu.

Kwa kuwasha naipa zote 5. Sasa kompresa inaamka polepole kama mzee anayetafuta ndala zake. Na baridi imetulia, ile waka-zima waka-zima imeisha, usiku samaki wakishapoa kompresa inashuka yenyewe mpaka hezi 35 (hezi ndo kipimo cha spidi kwenye draivu), asubuhi mzigo mpya ukiingia inapanda 50.

Shida ni maneno ya muuzaji. Eti ukipunguza spidi nusu, umeme unashuka mpaka moja ya nane. Hiyo ni hesabu ya feni jamani! Pistoni inasukuma kiasi kilekile cha gesi kila mzunguko, spidi nusu umeme karibu nusu, na baridi nayo inapungua hivo hivo. Unachopata zaidi ni kwamba ikienda polepole kondensa (inayotoa joto nje) na evaporeta (inayopoza chumba) zinakua kubwa kuliko kazi iliyopo, kwa hiyo presha ya kunyonya inapanda kidogo na ile ya juu inashuka, kompresa haikazani sana. Bili imeshuka, ndio, ila si kwa hesabu zake.

Alafu fundi waliyemtuma, mtu wa watu lakini haraka nyingi, akaweka spidi ya chini hezi 20. Wiki ya pili nachungulia kioo cha oili, karibu kitupu! Kumbe gesi ikitembea polepole kwenye paipu haina nguvu ya kurudisha oili, na pampu ya oili inazungushwa na shafti hiyohiyo so nayo inalegea. Nikamwita mzee mmoja fundi wa Busia, akapandisha mpaka 30 kama karatasi ya kompresa inavyosema, na kila baada ya muda inapiga 50 dakika chache oili irudi. Akakuta pia wameacha kontakta ya zamani, ile swichi ya kukata umeme, kati ya draivu na mota, themostati ikiikata katikati ya kazi draivu inaonyesha hitilafu na kusimama. Akanicheka, "Kijana, draivu unaiambia simama, huikati mkono."

Mkiwa karibu na ziwa angalieni wale vidudu wa jioni, wanajaa kwenye feni ya draivu, mi nimefunga neti na naikung'uta kila Jumapili. Muuzaji bado nangoja aniletee kebo yenye shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme) aliyoahidi, maana siku hizi kompresa ikiwaka tu redio yangu inapiga mluzi mpaka izime.