Uzoefu wangu na World of Warcraft: ada ya mwezi naikubali, duka la mapambo silikubali

Nacheza World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na wengi mtandaoni, nikiwa Langoni, Lamu, usiku baada ya Isha, na ni mchezo ninaoupenda kwa dhati. Ndiyo sababu naandika. Maoni mengi ninayoyasoma hulipita duka la ndani ya mchezo, linalouza mavazi na vipando kwa pesa halisi, kwa maneno machache: "Ni mapambo tu, asiyetaka asinunue." Mimi naona hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote, na mtu wa pwani anayefikiria kujiunga anastahili kuelezwa kabla hajatoa pesa yake.

Tuanze na gharama. Ada ni dola 14.99 kwa mwezi Marekani, yuro 12.99 Ulaya. Dola ikiwa kama shilingi 129, hizo ni karibu 1,930 kila mwezi, intaneti kando. Unaweza kujaribu bure mpaka ngazi ya 20. Ukishalipa unafunguliwa sehemu zote za miaka ya nyuma pamoja na Classic, ule mchezo wa zamani uliorudishwa mwaka 2019, ila toleo jipya hununuliwa peke yake: The War Within la mwaka 2024 lilianzia dola 49.99. Kulipa si taabu kama zamani, kwa kuwa tangu Safaricom na Visa walete M-Pesa GlobalPay mwaka 2022 unajitengenezea namba ya kadi kwenye simu, huhitaji akaunti ya benki. Kasi nayo inatosha. Seva za Ulaya ziko mbali na utahisi kuchelewa kidogo, lakini faiba ikitulia unapigana vizuri.

Kwa pesa hiyo nimepata thamani. Kundi letu lina watu wa Ureno, Uturuki na Misri, tunakutana usiku uleule kila wiki, tunajua nani ana mtoto mgonjwa na nani yuko kwenye mitihani. Na nilichokipenda zaidi tangu mwanzo ni kwamba ada ni moja. Mwenye hoteli Shela na kijana anayepakia mizigo gatini wanalipa sawa na wanaingia kwa mlango mmoja. Ndani mle, ukimwona mtu amevaa vazi fulani au amepanda kipando fulani, unajua alikotoka. Vazi lile ni habari zake.

Mfano mzuri ni ule wa mwaka 2006. Ili kufungua malango ya Ahn'Qiraj, wachezaji wa seva nzima walichanga vifaa vya vita, na wachache walipitia mlolongo mrefu wa kazi ngumu kupata fimbo ya kugongea kengele ya lango. Waliowahi kugonga katika saa 10 za kwanza ndio waliopewa mdudu mkubwa mweusi wa kupanda, pamoja na cheo cha Scarab Lord. Mpaka leo mtu akipita mjini juu ya mdudu yule, watu husimama kumtazama. Hana nguvu zaidi yao. Wanasimama kwa sababu ya alichokifanya.

Mimi nina Ashes of Al'ar, ndege wa moto anayepatikana kwa nadra sana ukimshinda Kael'thas, adui mkubwa wa ngome ya Tempest Keep. Unaruhusiwa kumjaribu mara moja tu kwa wiki kwa kila mhusika wako, na wiki nyingi unatoka mikono mitupu. Aliponiangukia, wenzangu walishangilia kwenye vipaza sauti mpaka mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Furaha ile haikutokana na rangi za mbawa zake.

Sasa angalia kilichotokea Aprili 2010. Blizzard, kampuni yenye mchezo huu, waliweka dukani farasi wa nyota, Celestial Steed, kwa dola 25, karibu miezi miwili ya ada. Foleni ya kumnunua mtandaoni ilipita watu laki moja siku ileile. Siku chache baadaye miji yote ya mchezo ilijaa farasi walewale. Walionunua hawakuvunja sheria yoyote wala siwalaumu. Lakini kipando kizuri kuliko vingi kikawa kinaeleza jambo moja tu kuhusu aliyekipanda, kwamba ana kadi.

Watu wa Lamu hatuhitaji maelezo marefu hapa. Wakati wa mashindano ya punda, barabara ya ufukweni hujaa watu, na kijana akishinda hujulikana Mkomani mpaka Langoni kwa mwaka mzima. Watoto humwita kwa jina la punda wake. Waandalizi wakianza kuuza heshima ileile kwa yeyote mwenye shilingi 3,200, bei ya farasi yule, mshindi hataibiwa kitu mkononi, ila mwaka unaofuata hutaona vijana wengi wakiamka alfajiri kufanya mazoezi.

Ndiyo maana neno "tu" katika "mapambo tu" silikubali. Katika mchezo ambao wote tumelipa, na nguvu za mwaka huu hupitwa na toleo la mwaka ujao, mapambo ndiyo kitu pekee kinachobaki. Silaha niliyoihangaikia zamani sasa haina kazi, lakini ndege wangu bado ninaye.

Tena duka la mapambo halibaki la mapambo. Mwaka 2018 mchezo ulikuwa na mnyama mkubwa anayebeba soko la mnada mgongoni, bei yake dhahabu milioni 5 za ndani ya mchezo. Watu walifanya biashara kwa miezi kumpata, kisha mwaka 2020 akaondolewa kwa muuzaji wa ndani ya mchezo aliyekuwa akimuuza. Oktoba 2024, mchezo ukisherehekea miaka 20, akaletwa ndugu yake aliyepakwa dhahabu, amebeba soko la mnada na sanduku la barua. Safari hii hakuuzwa kwa dhahabu ya mchezo. Aliuzwa dola 90. Hizo ni zaidi ya shilingi 11,000, ada ya karibu nusu mwaka, na kazi anayofanya mnyama huyo ni ya kweli: popote ulipo unauza na kununua bila kurudi mjini. Hilo sioni namna ya kuliita pambo.

Wanaotetea duka wana hoja moja ninayoiheshimu. Ada ya Marekani ilikuwa dola 14.99 mwaka 2004 na ni ileile leo, wakati mishahara ya watengenezaji na kila kitu kingine vimepanda. Pengo linajazwa na duka, wanasema, na wewe usiyenunua unanufaika. Ni kweli kwa mtu anayepokea mshahara wa dola. Kwetu, mwaka 2004 dola ilikuwa karibu shilingi 80, hivyo ada ileile ilikuwa chini ya 1,200. Sisi ada imetupandia bila wao kugusa bei, na duka tumeongezewa juu yake. Hata hivyo, wakiniambia wanahitaji dola moja zaidi kwa mwezi na duka lifungwe, nitailipa kesho.

Mpwa wangu hucheza michezo ya bure kwenye simu, ile inayouza skini, yaani mavazi ya wahusika, na aliniuliza swali ambalo mwenye kampuni angepaswa kulijibu: "Mjomba, weye walipa kila mwezi, na nguo bado wauziwa?" Nilimweleza tofauti kama ninavyoiona. Mchezo wa bure ukiuza skini, skini ndiyo ada yake, na anayelipa anawabeba wasiolipa. Nina wasiwasi wangu kuhusu watoto na michezo hiyo, lakini hesabu yake naielewa. Mchezo wa ada umeshalipwa. Kila kitu kizuri kinachopelekwa dukani kimeondolewa mahali ambapo mchezaji angeweza kukitafuta kwa jasho, na msanii aliyekichora analipwa kutokana na ada zetu pia.

Anayedhani wachezaji hawana sauti akumbuke EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland, ambao nao ulikuwa wa ada. Mwaka 2011 walifungua duka la mavazi, na lenzi ya jicho moja ikauzwa zaidi ya dola 60. Wachezaji walikusanyika Jita, kituo kikuu cha biashara ndani ya mchezo, wakaupiga mnara wa pale kwa mizinga ya vyombo vyao na wengi wakafuta usajili. Kampuni iliwasafirisha wajumbe wa baraza la wachezaji hadi Iceland kwa kikao cha dharura, na Oktoba mwaka huohuo mkurugenzi mkuu Hilmar Veigar Pétursson akaomba radhi kwa maandishi.

Blizzard wenyewe wanajua njia bora, maana wameijenga. Trading Post, iliyokuja Februari 2023, humpa kila mlipa ada sarafu 500 kwa mwezi, na nyingine 500 akitimiza shughuli za mwezi huo, kisha anachagua mavazi na vipando. Huhitaji kadi wala bahati. Mimi huusubiri mwanzo wa mwezi kwa hamu, na ninachokivaa sasa kwa sehemu kubwa kimetoka pale. Kuna pia WoW Token, inayokuwezesha kugeuza dhahabu ya mchezo kuwa salio la kununulia dukani, lakini hiyo ni kuzungusha pesa ya mchezaji mwingine aliyeinunua kwa dola 20, na siihesabu kuwa suluhisho.

Nyota zangu: mchezo wenyewe 5, duka 1. Ukiamua kujiunga, lipa mwezi mmoja kwanza, tafuta kundi linalocheza saa zetu, na mwezi wa kwanza pitia Trading Post kabla ya kufungua ukurasa wowote wa duka. Mimi usajili nauendeleza. Kila kampuni inapotutumia fomu ya maoni, nawaandikia jambo lilelile: wafanye kila kipando kipya kipatikane kwa kucheza, na wakihitaji pesa zaidi wapandishe ada waziwazi.