Nguo za darasa la dansi ya jazi: kipi ununue kwanza

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua viatu. Nguo za kuanzia jazi huenda tayari unazo kabatini, na zisipokuwepo mitumba ipo, uwe Ilala au Gikomba. Viatu ndivyo vinavyoamua kama utageuka vizuri au utarudi nyumbani goti likiuma.

Namba moja ni viatu vya jazi vya ngozi, vya kuchomeka visivyo na kamba, vyenye soli ya vipande viwili: kimoja mbele chini ya vidole, kingine kisiginoni. Katikati hamna soli, ndiyo maana unyayo unakunjika bila kubishana na kiatu. Vijaribu ukiwa umesimama. Vinatakiwa vikubane kama soksi, kwa sababu ngozi hulegea. Vilivyo huru dukani baadaye vitakuvuka ukiruka. Ila vidole vilale vimenyooka. Vikijikunja, omba saizi ya juu. Bloch na Capezio ni chapa za siku nyingi na za kuaminika. Ukizibahatisha mitumbani, geuza kiatu utazame soli ya mbele: ikianza kuachia pembeni, kirudishe kwenye fungu.

Namba mbili ni miguu mitupu, na ni bure. Inafaa kwenye sakafu safi ya mbao. Kwenye saruji hapana, utachunika.

Tatu, raba nyepesi zenye soli laini. Raba za kukimbilia nazishusha hadi nafasi ya nne, hata kama ulizinunua kwa bei kubwa: mpira wake umetengenezwa ushike chini, kwa hiyo ukizunguka mwili unageuka, mguu unabaki, na goti linabeba msokoto wote. Soksi tupu ni za mwisho. Unateleza.

Sasa nguo. Katika jazi kichwa, mabega, mbavu na nyonga hufundishwa kucheza kila kimoja peke yake, urithi wa ngoma za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Mwalimu asipoziona mbavu zako hawezi kukurekebisha. Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni leginsi nyeusi na fulana ya kubana kiasi. Chagua nailoni iliyochanganywa na spandeksi, uzi unaovutika. Pamba tupu hulowa jasho na kuvimba magotini. Mpira wa kiunoni uwe mpana. Halafu chuchumaa mbele ya kioo penye mwanga mkali. Kama rangi ya chupi inaonekana, irudishe, muuzaji aseme atakavyo.

Ya pili ni suruali ya jazi, inayobana nyongani na kupanuka kuanzia gotini. Inapendeza kuliko zote, lakini pindo likifika sakafuni utalikanyaga, basi mpitishie fundi cherehani kabla ya darasa. Ya tatu ni skintaiti ya juu ya magoti. Kwa joto la Dar inaeleweka. Siku ya mazoezi ya chini, magoti yatachubuka. Traki suti pana inafaa kupashia mwili moto tu, na jinzi isikaribie mlangoni.

Anayevaa hijabu atafute ile ya kuvaa kichwani moja kwa moja, isiyohitaji pini. Pini ikidondoka sakafuni itamchoma mwenzako. Juu, blauzi inayofika mapajani yenye mpasuo pembeni inasitiri na bado nyonga zinaonekana zikicheza. Wanaume, bukta pekee haitoshi kwa mateke ya juu: vaeni skintaiti ndani yake.

Kofia na glavu zile za wachezaji wa Bob Fosse, mtunzi wa dansi wa Marekani, ni za jukwaani. Hiyo pesa ongezea kwenye viatu.