Hoja ya kura: iandikwe na baraza zima au na madiwani wawili?

Katika jimbo la California, Marekani, baraza la jiji likipeleka pendekezo kwa wapiga kura, tuseme kodi ya mauzo, linaweza kuandika hoja ya kuliunga mkono katika kijitabu cha wapiga kura. Ukomo ni maneno 300 na sahihi zisizozidi tano.

Njia ya kwanza ni baraza zima kuandika. Uzito wake unaonekana: katika baraza la watu watano, sahihi za madiwani wote watano chini ya karatasi moja. Lakini sheria ya vikao vya wazi ya mwaka 1953 inataka mjadala ufanyike hadharani, kwa hiyo kila koma inabishaniwa mbele ya wananchi, na siku ya mwisho ya kuwasilisha haimngoji mtu.

Njia ya pili ni kuwaidhinisha madiwani wawili. Hawafikii wingi wa baraza la watu watano, hivyo sheria hiyo haiwabani na wanaweza kukaa na kuandika haraka, kisha nafasi tatu za sahihi wakawapa watu wengine: mkuu wa zimamoto mstaafu, mwenye duka, mwalimu. Mimi naipendelea hii. Mpiga kura humwamini jirani kuliko diwani anayeomba kodi.

Kwa vyovyote vile, uchambuzi usioegemea upande huandikwa na mwanasheria wa jiji, na fedha za umma haziruhusiwi kupigia kampeni, kama Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilivyoamua mwaka 1976.